Sauti ya Dada Nuru

Jumatatu, 3 Machi

Kola za majoho ya kwaya. Tangu asubuhi niko nazo, na cherehani inakata uzi kila ikifika kwenye kona. Nimebadilisha sindano. Imekata tena.

Baba Glory amerudi mapema kutoka studio yake ya Ngarenaro, uso unamng'aa. Mchungaji amempa kazi. Filamu ya zamani ya Denmark, nyeusi na nyeupe, wageni wa usharika waliiacha kwenye flashi walipokuja mwaka jana. Inahusu imani. Ataitia Kiswahili, ionyeshwe ukumbini Jumatatu ya Pasaka. Yeye ambaye miaka yote ametafsiri filamu za Wachina wanaopigana na Wahindi wanaolia. Mjini hawamjui hata kwa jina la ubatizo. Wanamwita Radi, kwa ajili ya hiyo sauti yake.

Nikamuuliza hadithi yenyewe ni ya nini. Akasema ni familia ya wakulima, wana mke wa kijana wao, mwanamke mwema sana. Anafariki akijifungua. Akavua viatu. Nikauliza, halafu? Akasema halafu anaamka.

Kola niliyokuwa nayo nimeishona ndani nje. Nimefumua.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Mchungaji ametangaza filamu mbele ya usharika wote. Watu wakageuka kumtazama Baba Glory, wakatabasamu. Halafu akina mama kadhaa wakanitazama mimi. Najua walichokuwa wanawaza. Na mimi nilikuwa nawaza hicho hicho.

Niandike hapa, maana sina pa kulisema. Namwonea wivu marehemu. Tena si marehemu wa watu, ni dada yangu, tumbo moja. Dada Nuru alifariki akimzaa Glory. Mimi nilikuja na begi moja, nikae mpaka mtoto aanze kutembea. Mtoto akatembea, akakimbia, mimi nikabaki. Baadaye tukabarikiwa ndoa, watu wachache, soda na karanga. Dada, siku ya harusi yake, alifungiwa barabara na tarumbeta zikapigwa.

Mwanamke aliye hai unaweza kushindana naye. Atazeeka, atakosea, ataunguza wali. Dada haunguzi kitu.

Kaburi lake naliona kutoka kwenye cherehani, pale kwenye migomba. Baba Glory alipanda masale pembeni, sasa ni kichaka. Jani la sale ukilifunga fundo ukampelekea mtu uliyemkosea, hawezi kukataa kukusamehe. Ndivyo ilivyo kwetu. Baba Glory hajawahi kuniletea, wala mimi sijawahi kumpelekea. Tunakoseana kimyakimya na maisha yanaendelea.

Jumamosi, 8 Machi

Kazi yao ina taratibu zake. Mtu mmoja anawasema wote: mzee, msichana, polisi, hata mbwa. Na wahusika lazima wapewe majina ya kwetu, la sivyo watu wanapotea. Kuna Mchina mmoja ambaye Arusha nzima inamjua kama Massawe.

Hii ya Denmark nayo imeshabatizwa. Mzee mwenye shamba ni Mzee Kaaya. Fundi cherehani wa upande wa pili, ambaye dini yake na ya Kaaya haziivi chungu kimoja, ni Fundi Mbise. Wote wawili Wakristo, wanabishana nani kaokoka zaidi, na watoto wao wanazuiwa kuoana. Nilicheka. Kwa haya makanisa ya maturubai yaliyojaa barabarani, hilo halihitaji mtafsiri. Yupo pia kijana wa Mzee Kaaya ambaye akili imemhama, anazunguka akihubiri. Huyo kampa jina la Eliya. Ndiye atakayemwita marehemu aamke.

Na yule mama mwenyewe je? Baba Glory akasema bado hajampatia jina linalomfaa.

Mwongo. Jina analo, na mimi nalijua.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeshuka mjini kutafuta zipu na nyuzi. Nikampelekea Baba Glory loshoro, yale makande ya mtindi, maana maziwa yalikuwa yameganda vizuri. Ngarenaro mchana imepoa, majirani wamefunga Ramadhani, hata yule mama wa maandazi mlangoni pa studio hayupo. Kwa hiyo nilisikia vizuri.

Alikuwa anayasema maneno ya yule mwanamke. Taratibu, anarudia, anaharibu, anarudia. Sijawahi kumsikia akibembeleza maneno hivyo. Kwa Wachina anafoka tu, anatema, anamaliza filamu nzima kabla chai haijapoa.

Nikaingia bila hodi. Akasimamisha. Yule mwanamke akabaki pale kwenye skrini, ana mimba, anamwangalia baba mkwe wake kama anayetaka kumtania. Mwanamke mzuri. Hafanani na dada hata kidogo. Nikamchukia hivyo hivyo.

Bado hana jina. Mpaka paka wa nyumba ile amepata jina, yeye ni "mama" tu.

Jumapili, 16 Machi

Ibada. Nimemwomba Mungu aniondolee huu wivu. Nikiwa bado naomba nikafungua jicho moja kutazama kama Baba Glory naye anaomba, na anavyoonekana anamwombea nani.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua imeanza kwa fujo, njia ya kwenda juu imekuwa sabuni. Baba Glory hakushuka mjini. Akavuta kigoda akakaa karibu na cherehani, mikono katikati ya magoti. Akikaa hivyo najua ana shida.

Akasema wanaume wote wa ile filamu anawaweza. Yule mama hamuwezi. Akimsema yeye, kwa hilo dume la sauti, watu watacheka, na pale si pa kucheka. Anataka mwanamke. Angependa niwe mimi.

Kwa muda mfupi nilifurahi kama mjinga. Nikajiona nimeshika kipaza sauti, wanakwaya wamenitazama. Halafu nikakumbuka. Mimi na dada tulikuwa na sauti moja. Watu wa nyumbani walikuwa wanachanganya. Huyu huyu Baba Glory, Samweli wakati huo, enzi anamchumbia dada, alikuwa akipiga simu nikapokea mimi, anamwaga maneno yote matamu mpaka nishindwe kujizuia nicheke. Ndipo anakata kwa aibu.

Kumbe si mimi anayemtaka. Anataka kumsikia yeye, atokee kinywani mwangu, mbele ya watu wote.

Nikasimamisha mashine. Nikamuuliza: "Ulinioa mimi, au ulioa hili koo?"

Angesema tu kwamba nimekosea. Neno moja lingetosha. Badala yake akatazama dirishani. Na dirishani kuna nini? Migomba na kaburi.

Nikamwambia sifanyi, na asiniulize tena. Mchana wote nimeshona bila kuinua kichwa. Kidole nimekichoma mara kadhaa.

Jumapili, 23 Machi

Ameshuka mjini mara baada ya ibada. Ati umeme wa studio ni wa uhakika kuliko wa huku. Sawa. Akae na filamu yake.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Amerudi na bakuli la pilau kutoka kwa jirani zake wa studio. Tumekula wote, Glory akalamba bakuli. Pilau tamu, nikaanza kulegea.

Ndipo akaleta habari. Yule mama atasemwa na Upendo. Upendo wa sauti ya kwanza kwayani, mwalimu wa chekechea, mwanamwali, meno kama tangazo la dawa ya meno. Mchungaji ndiye aliyempendekeza. Nikasema hongereni. Nikatoa vyombo.

Sitaki kuifanya. Sitaki na mwingine aifanye. Halina akili hilo, najua, nimeliandika hata hivyo.

Joho la Upendo ndilo lililokuwa juu ya cherehani. Nimelibana kiunoni. Kidogo tu. Atafikiri amenenepa.

Jumatano, 9 Aprili

Wanafanya mazoezi ukumbini. Nimepita pale na kapu, kama mtu anayekwenda dukani. Duka liko upande mwingine.

Upendo anaisema vizuri. Anaimba imba kidogo, lakini vizuri. Baba Glory anamwelekeza kwa upole: punguza hapo, hapo vuta pumzi. Mimi sijaelekezwa kitu kwa upole tangu tulipobarikiwa ndoa. Nimerudi nyumbani nikaunguza maharage.

Jioni Glory amenifuata jikoni. Yuko likizo, mazoezi yote anayahudhuria. Akauliza kama ni kweli, maana bibi yake kamwambia, kwamba mimi na mama mkubwa tulikuwa na sauti moja. Mama mkubwa ndivyo anavyomwita marehemu. Mimi ndiye niliyemfundisha kumwita hivyo, na kwa jina hilo, lililoniachia mimi cheo cha mama, nimelala usingizi miaka mingi. Nikajibu kwamba watu husema.

Akasema, "Basi mama, sema kitu kama yeye. Chochote."

Nikamwambia aoshe sufuria ya maharage.

Akaiosha. Hakununa. Afadhali angenuna. Mtoto ana picha za mama yake, anayo hata kanga yake, lakini sauti hana. Hakuna simu iliyoihifadhi. Ninayo mimi, hapa shingoni, na ninamnyima.

Jumapili, 13 Aprili

Matawi. Watoto wamezunguka kanisa na makuti ya mitende, mmoja kamchoma mwenzake jicho. Upendo ameimba akiwa amekaa upande upande kwa kubanwa na joho. Nikafurahi, na sikushiriki chakula cha Bwana. Nilibaki kwenye benchi, nikajifanya natafuta miwani.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Mvua imekatika kidogo. Baba Glory amechukua ndoo na brashi akaenda kusugua vigae vya kaburi, kama kila mwaka. Nimemtazama kupitia dirishani. Anasugua vizuri kuliko anavyooga.

Mama mkwe amekuja kukaa nasi mpaka Pasaka iishe. Akamwona mwanawe pale nje, akaniona na mimi dirishani, akaomba chai. Mzee mwenye akili.

Nimewaza jambo baya. Kama angeamka kweli. Atoke pale kwenye migomba akijipangusa udongo, aje mpaka mlangoni. Baba Glory angekimbia kumlaki. Glory angekimbia. Bibi angepiga vigelegele. Mimi ningeshusha begi langu, bado liko juu ya kabati. Ningemwamkia kwanza, shikamoo dada, maana ni mkubwa wangu. Halafu ningetoka kwa mlango wa jikoni.

Kwa hiyo Jumatatu, katika ukumbi mzima, ni mimi peke yangu nitakayeomba yule mama asiamke.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimewasha jiko nimelizima. Siwezi kula. Niandike yote kabla sijaanza kuyapamba.

Ukumbi ulijaa baada ya ibada. Madirishani walitundika mablanketi, kukawa na giza la kutosha mchana ule. Jenereta nje, mvua juu ya bati. Baba Glory mbele na kipaza sauti chake, pembeni ya shuka jeupe. Alikataa kutumia sauti aliyorekodi studio. Alisema filamu hii ataisema mubashara. Upendo kwenye kiti karibu naye, na kipaza sauti chake. Mimi benchi ya pili, Glory kulia, mama mkwe kushoto.

Mwanzoni watu walicheka sana. Mzee Kaaya na Fundi Mbise wakigombana, watu wakawa wanawatazama wazee fulani wa usharika, nao wakajifanya hawaoni. Radi alikuwa Radi kweli. Nilisahau kununa.

Halafu yule mama akashikwa na uchungu. Kicheko kikaisha chenyewe. Bibi akanishika mkono, na sikujua anamshika nani. Mtoto akafa. Mama akaonekana atapona, halafu akafa naye. Upendo alikuwa ameshasema maneno ya kabla ya kufa, akafuta machozi, vizuri tu, kwa ncha ya kidole.

Jeneza likawekwa katikati ya chumba cheupe. Jamaa wamesimama. Mume analia. Na yule Eliya, aliyechanganyikiwa, akaingia. Akili imemrudia, macho yametulia. Akamsogelea marehemu. Pale ndipo anapomwita.

Midomo ya Eliya ikacheza. Baba Glory hakusema.

Watu wakafikiri ni jenereta inasumbua. Lakini mvua ilikuwa inasikika, na pumzi yake ilikuwa inasikika ndani ya spika. Kipaza sauti kiko mdomoni. Pale anatakiwa kusema jina. Tangu Machi hakulipata jina, na sasa hapakuwa na pa kuruka.

Akageuka. Hakutazama shuka. Alinitazama mimi. Macho ya mtu anayeomba ruhusa.

Ndipo nikaelewa, na nikaona aibu mpaka kwenye nyayo. Jina la dada halitajwi nyumbani kwetu. Nilikuwa nafikiri ni yeye, amelificha kwa mapenzi, analila peke yake. Kumbe ni mimi niliyelipiga marufuku. Si kwa mdomo. Kwa sura, kwa kufunga kabati kwa nguvu, kwa kuondoka chumbani kila lilipokaribia. Amelimeza miaka yote kwa ajili yangu, na leo limemkwama mbele ya usharika.

Glory alikuwa amekaa ukingoni mwa benchi, mdomo wazi, anasubiri.

Nikasimama. Nilimpora Upendo kipaza sauti, sikuomba, nilipora. Nikasema kwa sauti yangu, ambayo ndiyo sauti ya dada:

"Nuru. Dada Nuru, amka."

Vidole vya yule mwanamke vikacheza. Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Mama mkwe akasema jina la Yesu, polepole. Yule mama akafumbua macho, mume akamwinua, wakakumbatiana, na midomo yake ikaanza kusema. Karatasi ya maneno anayo Upendo, na kipaza sauti ninacho mimi. Nikasema ambacho mama yeyote angeuliza.

"Mtoto yuko wapi?"

Halafu Radi, lakini bila radi, kwa sauti ya nyumbani:

"Yupo. Amekua." Akakisogeza kipaza sauti mdomoni. "Mama yake ni Anasia."

Anasia ni mimi. Nyuma kuna mzee mmoja aliuliza huyo Anasia naye ametokea wapi, mbona hakuwepo tangu mwanzo. Akanyamazishwa. Akina mama wa kwetu wote walikuwa wanajua ametokea wapi.

Zamu ilikuwa yangu kujibu, na wa kujibu alikuwa dada. Nikatafuta neno ambalo yeye angesema. Dada hakuwa mtu wa maneno mengi, alikuwa na haraka siku zote.

"Haya," nikasema.

Sijui filamu iliishaje. Nilikaa chini. Glory alilaza kichwa chake begani kwangu na kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwangu, kikapaza kilio cha mtoto ukumbi mzima, mpaka mchungaji akaja kukizima.

Jumatano, 23 Aprili

Jua kidogo. Nimeanika mahindi.

Asubuhi nimelichukua joho la Upendo kwenye kabati la kwaya, nimelifumua kiunoni, nimelishona upya kwa kipimo chake. Nikaenda kukata jani la sale pale kaburini, nikalifunga fundo. Nilisimama kidogo. Nikamwambia dada kwamba majoho yameisha.

Upendo alipoliona jani alicheka kwanza, halafu akaona sicheki. Alilipokea kwa mikono miwili. Kuhusu kipaza sauti, alisema hata yeye angefanya hivyo. Kuhusu joho alisema kumbe. Alikuwa ameacha kula chapati wiki mbili bure.

Njiani kurudi Glory alikuwa na mimi. Akauliza kama mama Nuru alikuwa anaongea vile vile, kama juzi. Mama Nuru. Nilisikia kitu kikinichoma, kile kile, sehemu ile ile. Nikasema ndiyo, ila yeye alikuwa anakimbiza maneno. Akataka nimwonyeshe. Nikamwonyesha mpaka tukafika getini, kwa ile haraka ya dada, jinsi alivyokuwa akiniita nilete kuni. Glory alicheka mpaka akakaa kwenye jiwe.

Baba Glory amekwenda Ngarenaro, kuna Wachina wanamsubiri. Hatujazungumza sana tangu Jumatatu. Nimeingia chumba cha kazi kuanza kitambaa cha mtu. Juu ya cherehani, chini ya sindano, kuna jani la sale. Limefungwa fundo, vibaya, kama wanaume wanavyofunga.

Nimetazama dirishani. Kichaka kina mikato miwili, mmoja wangu na mmoja wake, maji bado yanatoka.

Wivu bado upo. Nimeutafuta nikaukuta. Jani nimelihamishia kando ya mashine, lisikatwe na sindano, nikaanza kushona.